Jang'ombe ilivyonifunza kusaka bagi, yaani makosa ya programu

Mfumo wangu wa kwanza wa kulipwa ulikua wa duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini Unguja, kitu kidogo tu, kuandikisha wateja wanaokopa saruji na mabati: jina, mtaa, simu, kiasi anachodaiwa. Nimeuandika kwa lugha ya PHP na databesi ya MySQL inayoweka kumbukumbu, nimeujaribu nyumbani siku tatu na majina ya kubuni, unakwenda kama maji, nikaupeleka. Asubuhi ya kwanza kijana wa kaunta akaandikisha mtu wa Kikwajuni, wa Mwembetanga, wa Mkunazini, wote wakaingia, halafu akaja mzee mmoja gari yake iko nje ishapakiwa mifuko ya saruji, kijana akaandika, akabonyeza kuhifadhi, kioo kikawa cheupe na mstari mmoja wa kizungu juu. Akarudia, vile vile. Akanipigia simu.

Nilivofika mie nikaanza kugusa. Nikazima databesi nikaiwasha, nikabadilisha paswedi, nikahisi labda diski imejaa nikafuta vitu, nikarudisha faili zote kutoka kwenye flashi, saa nzima na zaidi nimeinama pale mzee kakaa kwenye kiti cha plastiki ananitazama tu, na muda wote ule mashine ilikua inanambia kosa liko wapi, kuelekea mwisho wa ule mstari wa kizungu imeandika near 'ombe', yaani karibu na ombe. Ombe. Mzee alikua anatoka Jang'ombe.

Kwa ambae hajawahi kuandika SQL, lugha ya kuiamrisha databesi, nieleze kidogo. Maneno ukiyapeleka kwenye databesi unayafunga kwa alama, moja mwanzo moja mwisho, na alama yenyewe ndo hii hii ' tunayoandikia ng'. Mie nilikua napeleka 'Jang'ombe', databesi inafungua kwenye J, inasoma Jang, inakuta alama, inajua jina limekwisha, mbele yake inakuta ombe imesimama peke yake haijulikani ni kitu gani, basi inagoma. Haikuharibika kitu chochote, imefanya vile nilivoiambia ifanye.

Nilichokifanya siku ile hakikua kizuri na nakisema wazi: nilimwambia kijana aandike Jangombe, bila ya alama, mzee akaondoka na saruji yake nikajiona nimemaliza. Kesho yake kijana ananipigia, "Dada, yule mzee karudi na risiti, anasema yeye si mtu wa Jangombe, hapajui mahala hapo." Na ana haki yake. Kwetu ng na ng' ni sauti mbili, mtoto wa chekechea anajua ng'ombe si ngombe, na nusu nzima ya mji wetu inaitwa Ng'ambo mana ilikua ng'ambo ya lile hori lilokua likikata kati ya Mji Mkongwe na upande wa pili kabla halijafukiwa, hata Darajani jina lake limetokana na daraja la hapo. Mfumo wa kutumika Zanzibar ambao hauwezi kuandika Ng'ambo huo haujakwisha kuandikwa.

Dawa yake ni kutoyabandika maneno ya mtu ndani ya amri ya SQL. Unaandika amri peke yake, pale pa kuweka jina unaweka alama ya kuuliza, halafu majina unayapeleka kando, databesi inajua hii ni amri na hii ni data, haizichanganyi tena. PHP inayo hiyo kwenye PDO, lugha ya Java wanaita PreparedStatement, lugha ya Python ukitumia sqlite3 ni alama ya kuuliza hiyo hiyo. Na si kwa ajili ya Jang'ombe tu, mana tundu lile lile alilojikwaa mzee wa watu bila kujua ndo wanalopitia wezi wanaojua, mtu anaandika kwenye kisanduku cha jina maneno ya SQL na databesi inayatekeleza, anasoma madeni ya watu au anafuta jaduali zima. Mie ule mlango nilikua nimeuacha wazi na nisingejua mpaka leo.

Nikadhani yamekwisha. Baada ya kama miezi miwili mwenye duka ananambia akitafuta wateja wa Jang'ombe anawapata nusu tu, wengine hawaonekani, lakini akilipekua daftari zima mmoja mmoja wamo. Nikaenda, nikatazama majina mawili, moja linapatikana moja halipatikani, kwa macho ni Jang'ombe na Jang'ombe, herufi kwa herufi. Hapo sikugusa kitu. Nimekaa nikaandika mistari mitatu ya kuchapisha kila herufi na namba yake ndani ya kompyuta, J namba yake, a namba yake, nikafika kwenye alama, moja imetoka 0027 na moja imetoka 2019. Walioandikishwa kwenye kompyuta ya kaunta alama yao imenyooka, walioandikishwa na mwenye duka kwa simu yake alama yao imepinda, mana kuna simu zinakupambia alama zenyewe unapoandika. Kwetu sisi ni kitu kimoja, kwa mashine ni herufi mbili ambazo hazina udugu. Nikaweka kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta zote zigeuzwe iliyonyooka, wakapatikana wote.

Toka siku ile nna swali moja tu najiuliza kabla ya lolote: mashine imeshika nini mkononi sasa hivi? Sio nnachodhani imeshika, imeshika nini kweli. Ichapishe uione.

Siku hizi vijana wananitumia picha za kioo kwa WhatsApp, dada nsaidie, na mara nyingi picha imekatwa, wamepiga ile sehemu ya juu yenye mistari mingi ya kutisha. Kwenye Python unaanza kusoma chini. Mstari wa mwisho kabisa ndo unasema kosa ni nini, iliyo juu yake inakwambia limepitia wapi mpaka kufika. Kijana mmoja wa Chake Chake alikua anajifunza kuchagua namba kwa bahati nasibu, faili lake kaliita random.py, ndani yake anaita maktaba ya random, yaani zana zilizoandikwa tayari, Python ikamwambia kwenye random hamna kitu kinaitwa randint. Kalala nayo siku mbili, kaondoa Python kaiweka upya, kabadilisha laptopu ya watu. Nikamwambia aandike print(random.__file__) anambie inatoka njia gani. Ikatoka folda yake mwenyewe. Python inatafuta kwanza kwenye folda ya faili unaloliendesha, ikaikuta random yake yeye, ikaichukua hiyo. Kabadilisha jina la faili na kazi imekwenda.

Nyengine inayofanana na hiyo, mtu anaweka maktaba kwa pip, chombo cha Python cha kupakua maktaba, inasema imewekwa tayari, akiendesha programu inasema ModuleNotFoundError, haipo. Anaapa kaiweka na kweli kaiweka, ila kompyuta yake ina Python mbili, pip ni ya hii na programu inaendeshwa na ile. Chapisha sys.executable ujue anaekutumikia ni nani, halafu weka maktaba kwa python -m pip install, hivo inakwenda kwa huyo huyo. Na wale wa tovuti: picha zinaonekana nyumbani kwenye Windows, kwenye seva, ile kompyuta ya mbali inayoweka tovuti, hazionekani, tazama herufi kubwa na ndogo, Windows Picha.JPG na picha.jpg kwake ni moja, seva nyingi zinaendeshwa na Linux na kwake hizo ni mbili. Hili halina hadithi ndefu.

Lenye hadithi ni la Wete. Niliitwa ofisi moja kompyuta yao haichukui chochote kutoka kwenye intaneti, pip inagoma, git inagoma, mpaka brauza kila tovuti inaonya kwamba si salama, na intaneti yenyewe iko, simu zote zinafanya kazi kwa laini hiyo hiyo. Ujumbe ulikua unataja cheti, ile hati ya tovuti ya kuthibitisha kwamba ni yenyewe. Mie nikaingia kwenye cheti, nikaondoa maktaba ya vyeti nikaweka nyengine, nikazima kinga ya virusi, nikabadilisha laini, bando langu lote likaishia hapo kupakua vitu ambavyo havikuhusika. Jioni jioni dada anaefanya usafi pale ananambia kwa upole, mwanangu, hiyo kompyuta kila umeme ukikatika ikiwaka inarudi nyuma miaka. Nikatazama kwenye kona ya kioo, tarehe ya miaka mingi nyuma.

Cheti cha tovuti kina tarehe mbili, ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayoamini sasa ni miaka kumi nyuma ikionyeshwa cheti cha mwaka huu inaona hichi bado hakijaanza, inakikataa, na inafanya sawa sawa kukikataa. Ndani ya kompyuta kuna betri ya mviringo kama kitufe, CR2032, inayoshika saa wakati umeme haupo, hiyo ilikua imekufa, na Pemba umeme ukiyumba siku mbili tatu mfululizo basi kila siku wanarudi walikotoka. Tumeipata kwa fundi saa sokoni. Na ule ujumbe wa kosa nilivorudi kuusoma wote mpaka mwisho ulikua umeandika kwamba cheti muda wake bado haujaanza, ilikua imo, mie niliishia kwenye neno cheti.

Lakini lilonichosha kuliko yote, na ambalo mpaka leo nikilieleza nalieleza pole pole, ni la saa.

Kuna ofisi inachukua wageni kwenye mahoteli ya Nungwi na Kendwa inawaleta bandarini Malindi kuwahi boti. Karani anaandika kwenye fomu muda wa gari kutoka, muda ukifika mfumo unampelekea dereva ujumbe aamke awashe. Seva nimekodi iko Ulaya. Wiki ya kwanza dereva analalamika, safari yake ni saa moja asubuhi na ujumbe umemwamsha saa kumi alfajiri. Mie nimesikia masaa matatu tu basi, nikajua, mana sisi tuko masaa matatu mbele ya UTC, ile saa ya dunia ambayo seva nyingi zinaifuata, na hichi kitu kila anaeandika programu huku kashakutana nacho. Nikaingia nikaiambia programu isome saa kwa Africa/Dar_es_Salaam, nikalala na raha zangu.

Usiku wa pili ujumbe umemfikia dereva saa saba za usiku.

Yaani kabla sijagusa tulikua tumekosea masaa matatu, nimetengeneza kitu ambacho kweli kilikua kibovu, na sasa tumekosea masaa sita. Nilikaa kitandani na laptopu nikataka kurudisha kila kitu kama kilivokua, na nnavojua watu wengi hapo ndo wanarudisha, au wanaongeza masaa sita kwa mkono kwenye kodi, yaani maandishi ya programu, na wanaendelea na maisha. Nikajilazimisha nijiulize swali langu. Nikafungua databesi nitazame kimeandikwa nini kwenye ile safari ya saa moja asubuhi. Kimeandikwa 01:00.

Karani hakukosea. Saa moja asubuhi ni saa moja, sote tunahesabu hivo, jua likichomoza saa inaanza, ndo bibi zetu walivohesabu na ndo tunavoambizana mpaka leo. Aliyekosea ni mie nilieweka kisanduku kilichotengenezwa na watu wanaohesabu kuanzia saa sita za usiku, nikampa mtu anaehesabu kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, bila ya neno hata moja la kumwambia. Sasa piga hesabu: kaandika 01:00 anakusudia 07:00, hapo tushawahi masaa sita. Seva ikaisoma 01:00 ya UTC, ambayo kwetu ni saa kumi alfajiri, hapo ikachelewesha matatu. Sita kutoa tatu, tatu. Bagi mbili zimeegemeana, moja inavuta mbele moja inavuta nyuma, na kilichobaki kimefanana sura na kitu nnachokijua.

Na kuna kitu kingenambia mapema kama ningekitazama. Seva ikiwa kwenye UTC inachelewesha, haiwahishi. Namba nilioisikia ilikua tatu kweli lakini mwelekeo wake ulikua kinyume, mie nimeshika namba nimeacha mwelekeo. Tena palikua na karani wa pili, yeye kashafanya kazi hotelini kazoea saa za kizungu, anaandika 07:00 sawa sawa, dereva wake alikua akipata ujumbe saa nne, masaa matatu baada ya safari, na hakusema kwa sababu safari zake anaziandika kwenye daftari na alijua ni mtandao tu unachelewa. Ningemuuliza yeye pia siku ya kwanza ningeona mmoja anawahishwa tatu na mwengine anacheleweshwa tatu, na UTC peke yake haiwezi kufanya yote mawili.

Fomu nimeibadilisha. Saa ziko kwa hesabu yetu, karani anachagua saa halafu anachagua alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, na chini yake inajiandika sentensi nzima, gari itatoka Jumanne saa moja asubuhi, 07:00, ndo ahifadhi. Ndani ya databesi inakaa kwa UTC, na kila inapotoka kuonyeshwa inageuzwa. Karani wa pili akasema yeye anaona hiyo ya pili, wa kwanza anaona ile ya mwanzo, wote wawili wako sawa.

Nikamuelezea mama hadithi hii tumekaa ukumbini, nikamfahamisha na hizo UTC, akasikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Na mtu akitaka gari usiku wa Ijumaa hiyo fomu yako itafahamu?" Nilinyamaza. Kwa wazee wetu siku inaingia magharibi, usiku wa Ijumaa ni Alhamisi baada ya kutua jua, na karani akichagua Ijumaa, usiku, gari itakuja siku moja baadae watu washakosa maulidi yao. Nikaongeza kwenye sentensi: Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa. Hilo nimelirekebisha kabla halijamfika mtu, kwa swali la mama ambae hajawahi kugusa kompyuta.

La karafuu linaniuma zaidi kwa sababu liligusa heshima za watu. Kikundi kimoja Pemba kinapima karafuu kavu za wanachama, kila mtu akileta anaandikiwa kilo, msimu ukenda programu ya Python inajumlisha na kulinganisha na kilichopimwa ghalani, isipolingana inaandika haikulingana mbele ya jina. Kwangu majina yote yamelingana. Kwenye laptopu yao, faili lile lile, kodi ile ile, mama mmoja kaandikiwa haikulingana. Yeye alikua anaokota zilizoanguka chini ya mikarafuu, kaleta mara kumi, kila mara gramu mia, kwa hiyo 0.1 mara kumi, na ghalani iko kilo 1 kamili. Kwenye kikundi neno haikulingana mbele ya jina la mtu si jambo dogo, watu washaanza kutazamana.

Kompyuta haiwezi kuandika 0.1 kamili, inahesabu kwa mbili mbili, na moja ya kumi kwa hesabu yake haina mwisho, kama vile sisi thuluthi tukiiandika 0.333 tunaandika mpaka tuchoke. Inakata mahala, kinabaki kijisehemu. Ukijumlisha mara kumi moja baada ya moja unapata 0.9999999999999999, na ukiilinganisha na 1 si sawa. Ikiwa hivo kwangu mbona ilikubali? Hilo limenichukua siku nzima. Tulikua tunachapisha kwa desimali mbili, kote inaonekana 1.00, nimeondoa ule urembo ndo ikaonekana, na kwangu ni 1.0 kweli. Nikachapisha toleo la Python. Langu 3.12, lao la zamani. Kuanzia 3.12, iliyotoka mwaka 2023, ile sum, amri ya kujumlisha, imefanywa kuwa makini zaidi na vijisehemu hivo, inavikusanya na kuvirudisha. Kwa hiyo kodi yangu ilikua mbovu siku zote na toleo jipya likaifunika.

Tumeacha kilo za desimali, kila kitu sasa kinaandikwa kwa gramu, namba nzima, mizani yenyewe inasoma gramu, kilo zinaonekana kwenye karatasi ya mwisho tu. Pesa pia kwa shilingi nzima. Na mwenyekiti alisimama kwenye kikao akasema kosa lilikua la mashine na si la yule mama, nilimuomba mwenyewe aseme hivo mbele ya watu. Kikundi hicho hicho, kwa haraka, namba zao za simu zilipitia Excel ikazila sifuri za mwanzo, mana inaona ni namba ya hesabu na sifuri mbele haina thamani, ujumbe ukawa hauwafikii. Namba ya simu si namba, ni maandishi, ukisoma kwa pandas, maktaba ya Python ya majaduali, iambie dtype=str, yaani soma kama maandishi, toka mwanzo.

Juzi juzi kijana wa Mkoani kanipigia. Kaandika programu ya simu kwa Java kwa ajili ya skuli, inahesabu walioandikishwa na waliofika, zikiwa sawa inaonyesha kijani. Madarasa yote yanakubali, jumla ya skuli ilikua inakubali muda mrefu, mwaka huu wanafunzi wameongezeka kidogo imeanza kukataa, hata siku ambayo wamefika wote. Nikamwambia kama kawaida yangu, chapisha zote mbili kabla ya ule mstari unaolinganisha. Akaendesha, kimya kidogo.

"Dada, hii 128 na hii 128."

"Na inasema si sawa?"

"Inasema si sawa."

Hapo swali langu la miaka yote limenikatikia, mana mashine tumeitazama mkononi na imeshika kitu kile kile. Nikamwambia nipe muda. Nilikwenda nikajaribu mwenyewe, 126 sawa, 127 sawa, 128 si sawa. Kumbe namba zake alikua anaziweka kwenye orodha, na kwenye orodha Java haiweki namba tupu, inaitia ndani ya kijisanduku kinaitwa Integer. Ukilinganisha vijisanduku kwa == haiulizi ndani mna nini, inauliza hichi ni kisanduku kile kile? Na Java kuanzia hasi 128 mpaka 127 inavyo vijisanduku vishatengenezwa inavitoa vile vile kwa kila mtu, kwa hiyo namba ndogo zinapita kwa bahati. Ikifika 128 inatengeneza kipya kila mara, viwili mbali mbali, vyote ndani mna 128. Kwa hiyo kuchapisha thamani hakutoshi, kuna wakati lazima uchapishe na aina yake.

Nikampigia nikamwambia aweke equals badala ya ==, akaweka, ikawa kijani. Akaniuliza kwa nini 127 na si mia moja, nikamwambia ni namba kubwa kabisa inayoingia kwenye baiti moja yenye hasi na chanya, akasema sawa. Halafu akanyamaza tena, nnasikia anapandisha na kushusha faili.

"Dada, mie hiyo == nimeiweka mahala pengi."

Tukaanza kuzipitia moja moja kwenye simu, ipi inalinganisha namba tupu tuiache, ipi inalinganisha visanduku tuibadilishe, tukafika ya kumi na tisa ndo umeme ukakatika kwake.